Kabla ya kununua kamera, jiulize utampiga nani picha

MTU anapoingia dukani kununua kamera, swali la kwanza analouliza huwa ni moja: "Ipi ndiyo bora?" Muuzaji naye hana haja ya kuumiza kichwa. Humletea ile yenye namba kubwa zaidi kwenye boksi, mteja huridhika, pesa hutoka mfukoni na mambo huishia hapo. Ni baada ya miezi kadhaa, arusi ikiwa imepita na watoto wamesharefuka, ndipo mwenye kamera hutambua kwamba picha alizozitaka hanazo.

Msomaji, naamini swali hilo huanzia mkiani. Panga hukata na kisu hukata, lakini hakuna anayemenya kitunguu kwa panga wala anayefyeka kichaka kwa kisu cha jikoni. Kabla ya kuuliza ni kamera gani iliyo bora, jiulize: nitampiga nani picha, wapi, na saa ngapi?

Nyumbani kwetu tuna kamera mbili ndogo za dijitali, nazo zimetufundisha somo hili vizuri kuliko mwalimu yeyote. Ya kwanza ni Canon PowerShot G7 X Mark II, ambayo ilitolewa mwaka wa 2016. Hiyo huitumia mimi. Ya pili ni Canon PowerShot SX740 HS, ambayo ilitolewa mwaka wa 2018. Hiyo ni ya mama watoto, ambaye ni mwalimu na mlezi wa chama cha wanyamapori shuleni kwake.

Ukiziweka mezani pamoja, mgeni haoni tofauti kubwa. Moja ina uzito wa gramu 319, nyingine gramu 299. Zote huingia katika mfuko wa koti. Hata betri ni ya aina moja, nasi huazimana. Na zote mbili zinajivunia megapikseli 20. Lakini ni kama watoto wawili wa tumbo moja: sura zafanana, tabia ni mbalimbali kabisa.

Huenda unajiuliza kuna haja gani ya kamera siku hizi ilhali kila mtu ana simu. Una haki ya kuuliza. Mwaka wa 2010 viwanda vya Japani vilipeleka sokoni kamera ndogo zaidi ya milioni 100, na tangu hapo simu zimeimeza biashara hiyo karibu yote. Nami sikatai: mchana kweupe, rafiki yako akiwa amesimama hatua tatu mbele yako, simu nzuri inatosha. Taabu huanza pale mwanga unapopungua na mtu hatulii, au pale unayemtaka yuko mbali. Hizo ndizo kazi mbili ambazo kamera zetu zimegawana.

Mvua na vikombe

Wacha nianze na hizo megapikseli, kwa maana ndizo zinazowahadaa wengi. Ndani ya kamera, pale ambapo zamani palikuwa na filamu, kuna kipande chembamba chenye vituo vya kupokea mwanga. Megapikseli 20 maana yake ni kwamba vituo hivyo ni kama milioni 20. Chukulia kila kituo ni kikombe kilichowekwa uani kungoja mvua.

Katika ile Mark II, kipande hicho kina upana wa milimita 13.2 na urefu wa milimita 8.8. Katika SX740 ni kama milimita 6.2 kwa 4.6 hivi. Ukipiga hesabu, utaona kwamba cha kwanza ni kikubwa mara nne. Idadi ya vikombe ni ile ile, lakini vya kamera moja ni mabakuli na vya nyingine ni vifuniko vya chupa.

Masika ikinyesha, yaani jua la saa sita likiwaka, vyote hujaa na hakuna anayelalamika. Lakini zikiwa ni rasharasha tu, kama vile mwanga wa taa moja ya sebuleni au wa moto wa kuni, mabakuli ndiyo hupata cha kunywa.

Tena kuna mlango wa kuingilia mwanga, ambao ni lenzi. Namba iliyoandikwa kwenye lenzi ikiwa ndogo, mlango ni mpana. Mark II huanzia 1.8, na SX740 huanzia 3.3. Kwa hivyo, kabla hujavuta chochote karibu, mlango wa kwanza hupitisha mwanga zaidi ya mara tatu ya ule wa pili. Jumlisha mlango mpana na mabakuli, nawe utaelewa kwa nini moja ni kamera ya usiku na nyingine si ya usiku.

Jikoni kwa mama

Mama yangu anaishi mashambani na jikoni mwake kuna dirisha moja dogo. Kuta zimekuwa nyeusi kwa moshi wa miaka mingi, na mwanga mwingi huingilia mlangoni. Hapo ndipo mama hupenda kukaa. Hapo ndipo husimulia, hukemea, huchekesha na kuwalisha wajukuu. Ukimwambia atoke nje apigwe picha, hubadili nguo, husimama wima kama askari, na yule mama tunayemjua hutoweka.

Jioni moja, yapata saa kumi na mbili na nusu, nilimpiga picha kwa kamera zote mbili, yeye akiwa ameketi pale pale karibu na mafiga. Katika picha ya Mark II makunyanzi ya uso wake yanahesabika, macho yanang'aa, na hata maua ya kitambaa chake cha kichwa yanaonekana. Katika picha ya SX740 mama yupo na kitambaa kipo, lakini uso umejaa chengachenga kama televisheni isiyoshika stesheni. Si kosa la kamera. Mvua haikutosha vile vifuniko vya chupa.

Jambo hili latuhusu sisi Waafrika zaidi ya wengine. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak iliwapelekea wasafishaji picha kadi yenye sura ya mwanamke Mzungu, iliyojulikana kama kadi ya Shirley, ili wapimie rangi kwa ngozi yake. Ni katika miaka ya 1990 ndipo kulipotolewa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Wengi wetu tuna albamu za enzi hizo ambamo nyuso za wazee wetu ni weusi mtupu wenye meno.

Filamu ilipita, lakini maumbile ya mwanga hayakupita. Sehemu nyeusi za picha ndizo zinazopata mwanga mchache, na ndiko chengachenga huanzia. Kamera inapoongezewa nguvu ili ione gizani, ngozi nyeusi ndiyo huharibika kwanza. Kwa hivyo mtu akikwambia kwamba ukubwa wa hicho kipande cha ndani ni anasa ya mafundi, mwambie kwamba ni uso wa mama yako unaozungumziwa.

Na hapa nikupe siri isiyogharimu kitu, ambayo hufanya kazi katika kamera zote mbili. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, au karibu na bibi arusi mwenye gauni jeupe, kamera hudhani mwanga umezidi, basi huipunguza picha nzima na uso ukawa giza. Tafuta alama ya kujumlisha na kutoa, kisha ongeza hadi 0.7 au 1. Utashangaa kuona watu wako wakitokea.

Usikimbilie flashi. Flashi ya kamera ndogo hufika mita chache tu. Hufanya paji la uso limetemete, ukuta wa nyuma huwa giza, na kila mtu huonekana kama aliyefumaniwa. Isitoshe, kuna makanisa ambayo hayairuhusu wakati wa ibada.

Picha ya kitambulisho

Baba yangu alifariki mwaka wa 1998. Tulipokaa kutayarisha ratiba ya mazishi, jamaa wote walitumwa kutafuta picha yake. Zilipatikana nne. Mbili alikuwa katika kundi la watu, mbali, kichwa chake si kikubwa kuliko punje ya mahindi. Moja ilikuwa imeliwa na unyevu. Ya nne ilikuwa ile ya kitambulisho.

Ikakuzwa hiyo ya kitambulisho. Mtu aliyekuwa akicheka hadi majirani wakamsikia, akalala mbele ya waombolezaji akiwa na uso wa mtu anayengoja kuhukumiwa. Wajukuu waliozaliwa baadaye wanamjua kwa sura hiyo tu. Hakuna aliyekosea. Siku hizo filamu ilikuwa ghali, picha zilikuwa 36 na kila moja ilihesabiwa, wala hakuna aliyeona maana ya kupoteza picha moja kwa mzee anayekunywa chai ndani ya nyumba yenye giza.

Leo picha moja haigharimu kitu. Ndiyo sababu mimi nilichagua kamera ya gizani. Nikizihesabu picha ambazo jamaa yangu huomba kuonyeshwa tena, nyingi zilipigwa ndani ya nyumba, baada ya jua kutua, mtu akiwa hatua mbili au tatu kutoka kwangu. Hapo sihitaji kuvuta mtu karibu. Yuko karibu tayari. Ninachohitaji ni mwanga.

Aliye ng'ambo ya uwanja

Mama watoto hakubaliani nami, na sababu zake si haba.

"Baba watoto," huniambia, "wewe unawapiga picha watu waliokaa. Wangu hawakai."

Anasema kweli. Lenzi ya Mark II huvuta kutoka milimita 24 hadi 100 kwa kipimo cha zile kamera za filamu. Ya SX740 huanzia hapo hapo 24 na kwenda hadi 960. Ni maradufu 40. Hebu tuliweke jambo hili uwanjani ili lieleweke. Mtoto wako anakimbia mita 50 kutoka ulipo. Ukimvuta kwa Mark II hadi mwisho, picha yako itabeba upana wa kama mita 18: mtoto, wenzake, mwalimu mwenye saa, na nusu ya hema la wageni. Ukimvuta kwa SX740 hadi mwisho, picha itabeba upana usiofika mita 2. Mtoto wako peke yake, jasho usoni, ulimi nje.

Kijana wetu wa pili hapendi kupigwa picha. Akiona kamera hugeuza uso. Picha pekee anayoipenda ni ile ambayo mama yake aliipiga siku ya michezo ya shule, kutoka upande wa wazazi, akiwa ng'ambo ya uwanja akimshika mkono mwenzake aliyeanguka. Hakujua kwamba kuna mtu anayemtazama. Mimi nilikuwa pale pale na kamera yangu, na katika picha zangu ni vitone viwili juu ya nyasi.

Ndivyo ilivyo pia kwa wanyama. Katika mbuga zetu huruhusiwi kushuka garini ovyo, na simba hasogei kwa ajili ya mtalii. Huko Naivasha, furukombe, yule tai mla samaki mwenye kichwa cheupe, hukaa juu ya mti mrefu na hangoji mashua ikaribie. Wanachama wa kile chama cha shule wamerudi kutoka ziwani wakiwa na picha ambazo unaweza kuhesabu manyoya.

Tena umbali ni usalama. Mwezi wa Agosti mwaka wa 2018, mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko kando ya Ziwa Naivasha alipokuwa akimpiga picha kwa karibu. Mwenye lenzi ndefu hana sababu ya kumsogelea mnyama wa aina hiyo. Mama watoto huwaambia wanafunzi wake kwamba miguu yao haitafanya kazi ya lenzi.

Lakini kila chema kina gharama yake. Unapovuta hadi mwisho, ule mlango wa mwanga hujifinya hadi 6.9, na hapo jua ni lazima. Asubuhi ya saa nne ni sawa. Saa kumi na mbili na nusu jioni, rudisha kamera mfukoni. Vilevile, ukivuta mbali hivyo, mtetemo mdogo wa mkono huyumbisha kila kitu. Kamera ina kifaa cha kutuliza mtetemo, lakini kisaidie: egemea mti, au weka kifuko cha maharagwe kwenye dirisha la gari na uilaze kamera juu yake. Maharagwe hayo utayapika ukirudi.

Jihadhari pia na maneno ya dukani. Kuvuta kwa lenzi ni kitu kimoja, na kuvuta kwa dijitali ni kingine. Huku kwa dijitali ni kukata kipande cha picha na kukikuza, kama vile tulivyoikuza picha ya kitambulisho. Ukitajiwa maradufu, uliza ni ya lenzi au ni ya dijitali.

Ukitaka kununua

Basi wewe msomaji uko upande gani? Kama picha zako ni za arusi, ubatizo, ruracio, maulidi, watoto wachanga, wazee na meza ya chakula cha jioni, tafuta kamera ya aina ya Mark II: kipande kipana ndani, na namba ndogo kwenye lenzi. Kama picha zako ni za viwanja vya michezo, ndege, wanyama, au gwaride la sikukuu ya taifa ambapo umefungiwa nyuma ya kamba, chukua ya aina ya SX740. Hii ya pili hufaa pia kwa wadudu na maua, kwani huweza kukaribia hadi sentimita 1, ilhali ile nyingine huhitaji sentimita 5. Na ikiwa video ndiyo kazi yako kubwa, SX740 hunasa kwa kipimo cha 4K, Mark II haifiki hapo.

Kuna mambo ambayo yatakukabili uchukuapo yoyote kati ya hizi. Hakuna iliyo na kitundu cha kuchungulia, kwa hiyo jua la mchana hufuta kioo. Kifunike kwa kofia au leso. Betri ikijaa hutoa kama picha 265 kwa vipimo vya kiwandani. Arusi ya Kikwetu huzimaliza kabla keki haijakatwa, kwa hivyo nunua betri ya pili. Na vumbi la barabara zetu halina rafiki. Lenzi hizi hutoka na kurudi ndani, na huweza kuingia na vumbi, basi usiitupe kamera mkobani bila kifuko.

Kwa kuwa kamera hizi ni za miaka kadhaa, pengine utaletewa iliyokwisha tumika. Usilipe upesi. Iwashe na kuizima mara kadhaa, usikilize kama lenzi inakwaruza. Piga picha ya karatasi nyeupe, kisha uikuze kwenye kioo utafute madoa. Vuta hadi mwisho, rudisha. Jaribu flashi, na udai chaja yake. Muuzaji anayekataa ujaribu, muage kwa heshima.

Jambo la mwisho, na hili halitegemei kamera. Picha iliyo ndani ya kadi bado si picha ya jamaa. Kadi hupotea, kompyuta hufa, simu huibwa. Kila mwisho wa mwaka sisi huketi mezani, kila mtu akachagua picha kumi, nasi huzipeleka studio zikasafishwa kwenye karatasi na kutiwa albamuni, nyuma tukiandika jina, mahali na mwaka. Picha za kamera yangu na za mama watoto hukaa ukurasa mmoja, na wageni hawaulizi ipi ilipigwa kwa nini. Huuliza huyu ni nani, na alikuwa akicheka nini.

Kwa hivyo usingoje hadi upate pesa za kamera. Wiki hii, kwa chochote ulicho nacho, hata kama ni simu, mwendee aliye mzee kuliko wote katika jamaa yenu. Usimwambie atoke nje wala abadili nguo. Mketishe karibu na mlango, umulize habari za ujana wake, na akianza kucheka, bonyeza.